Karatasi Iliyokwama

Hivi karibuni mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alikuja kunitazama hapa Zegereni. Jioni aliketi barazani na kompyuta yake, mara anaguna, mara anacheka peke yake. Nilimwuliza anacheka nini.

"Babu, nimesahihisha kosa moja, yamezaliwa matatu."

Akanieleza kuwa mwenzao akilaumiwa kwamba programu yake haifanyi kazi, hujibu: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Hata mimi nilicheka. Hilo ni jibu la mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ubaoni: "Mwalimu, nyumbani niliiweza."

Ndugu msomaji, kazi hiyo ya programu ina kisa kimoja, nacho kinaanzia kwenye kero anayoijua kila mwalimu aliyepata kudurufu mitihani: karatasi kukwama kwenye mashine.

Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa akiandika programu katika chuo cha MIT, Marekani. Printa yao ya zamani aliwahi kuiongezea maelekezo ya kuwaarifu watu karatasi zinapokwama. Ilipoletwa mpya alitaka kufanya vivyo hivyo, lakini akanyimwa maandishi ya ndani ya programu yake. Mwaka 1983 akatangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Akaiita GNU, yaani "GNU si Unix", Unix ukiwa mfumo wa kompyuta uliotamba wakati ule. Ukiuliza hiyo GNU yenyewe ni nini, unarudishwa ulikotoka, mithili ya kitendawili ambacho jibu lake ni kitendawili kile kile. Tena kwa Kiingereza jina hilo ni la nyumbu, mnyama wetu wa Serengeti!

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Ufini, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika, akisema ni cha kujifurahisha tu, hakitakuwa kikubwa. Kiini hicho ndicho Linux, na leo kimo ndani ya simu za Android mifukoni mwetu.

Uhuru ule ulifika hata kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu kwa maelekezo ya Kiswahili. Maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi, hivyo kila aliyetaka aliweza kuyafasiri.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya msaada. Chuo cha ualimu kilinifunza kutunza mali ya shule, basi niliifunika kitambaa, nikaifungia ofisini, ufunguo nikautia mfukoni. Walimu walioomba kujifunza niliwaambia wataiharibu. Iliharibika kweli, kwa vumbi, bila kuandika hata mtihani mmoja. Aliyemnyima Stallman yale maandishi sina haki ya kumcheka.

Nilipomsimulia mjukuu wangu, alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea kompyuta yake.

"Bonyeza tu, Babu. Ikiharibika tutacheka, halafu tutaitengeneza."