Kuandikwa kwa Malipo ya Hukumu za Madai: Handeni na Korogwe

Hukumu ya madai hutolewa hadharani, na kwa hiyo mwanzo wake hujulikana na wengi. Mwisho wake ndio haba kusimuliwa. Katika nchi ya Wazigua na Wasambaa mwisho huo zamani ulishuhudiwa kwa macho: mdaiwa alileta mbele ya wazee alichoamriwa, mdai akapokea, na waliohudhuria wakawa ndio daftari.

Njia hiyo yafaa mahali ambapo mashahidi hawahami. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakakusanya wageni wa kila kabila, shahidi wa leo mwakani hakuwapo. Ndiyo sababu siwezi kuiona kalamu ya karani kuwa ni uonevu mtupu wa serikali.

Waingereza waliweka mahakama za wenyeji kwa sheria ya 1929, kisha mahakama za mitaa kwa sheria ya 1951. Kando yake ilikuwapo sheria iliyotoka mbali, yaani ya mwenendo wa madai ya Bara Hindi ya 1908, iliyotumika Tanganyika tangu 1920. Hiyo yatamka kwamba malipo yaliyofanywa nje ya mahakama, yasipothibitishwa na kuandikwa, hayatambuliwi na mahakama inayokaza hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 ililirithi sharti hilo katika Amri ya 21, kanuni ya 2, nalo lazibana mahakama za wilaya za Handeni na Korogwe hata leo.

Tuseme mkulima amemaliza deni lake gulioni mbele ya watu kumi. Kwa mila amekwisha. Kwa jalada angali anadaiwa, na dalali wa mahakama aweza kuja kukamata mali yake. Kanuni yenyewe, kusema haki, yamruhusu mdaiwa kuiarifu mahakama, na mdai huitwa aeleze kwa nini malipo yasiandikwe. Lakini njia hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hakikufanywa lugha ya sheria na mahakama zote ila mwaka 2021.

Mahakama za Mwanzo, zilizotokana na sheria ya 1963, zina kanuni zake za 1964 na huandika kwa Kiswahili. Hapo neno lataka uangalifu: hukumu iliyolipwa imetimizwa, iliyoshindwa katika rufani imetenguliwa. Karani aandikapo “shauri limefungwa” tu, mtafiti wa baadaye hatambui kama mdai alipata haki yake au alinyang'anywa.