Kiti cha magurudumu

Kiti cha magurudumu, ambacho Tanzania huitwa pia kiti mwendo, ni chombo kinachomwezesha mtu asiyeweza kutembea, au anayetembea kwa shida, kwenda aendako akiwa ameketi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 80 wanakihitaji. Walio wengi hawana.

Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa wa Nuremberg aliyekuwa mlemavu, alijiundia kigari cha magurudumu matatu cha kuendesha kwa mikono. Kiti cha chuma kinachokunjika kilibuniwa Marekani mwaka 1933 na wahandisi Herbert Everest na Harry Jennings. Everest alikuwa amevunjika mgongo katika ajali ya mgodini.

Viti vya hospitali vina umbo hilohilo. Kazi yake ni kumtoa mgonjwa wodini hadi chumba cha picha, dakika chache, huku akisukumwa kwenye sakafu laini. Kwa bahati mbaya ndivyo vinavyogawiwa kwa wingi kama msaada, na mtu hukikalia kimoja miaka nenda rudi. Kitambaa hulegea, nyonga hupinda, na magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani mara tu atokapo nje. Msaada wa namna hii huweza kumuumiza aliyepewa.

Anayekaa kitini kutwa anahitaji kiti alichopimiwa. Upana uendane na nyonga zake. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili hivi. Nafasi ikikosekana, ukingo hukandamiza mguu. Linalopuuzwa zaidi ni mto. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asisikie maumivu makalioni, na kidonda cha mgandamizo kikichimbika hadi mfupani kinaweza kumuua. Fundi aliyefunzwa huingiza vidole kati ya mto na mfupa wa kalio: vikichezacheza, mto unafaa; vikibanwa, atafute mwingine. Hata hivyo mkaaji afundishwe kujiinua au kuinama mbele mara kwa mara. Kumpa kiti bila mto ni kumwachia kazi nusu.

Baada ya mwili, itazamwe ardhi. Kwa njia za vijijini hufaa kiti kirefu chenye gurudumu moja kubwa mbele, aina inayotengenezwa pia na shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991. Baiskeli ya magurudumu matatu, inayozungushwa kwa mikono, hufika mbali na hubeba mzigo wa biashara, lakini haipiti mlangoni wala chooni. Mwenye nayo bado anahitaji kiti cha nyumbani. Kiti cha betri humfaa asiye na nguvu mikononi, mradi umeme na fundi wapatikane.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji vishikizo vya kichwa na kiwiliwili, na apimwe upya kadiri anavyokua.

Nchini Tanzania, mafundi wa viti vya magurudumu hufunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, karibu na hospitali ya KCMC. Kwa upande wa matengenezo, kabla ya kukipokea kiti, ulizia tairi na tyubu zake kwa fundi baiskeli wa jirani. Kama hana za saizi hiyo, pancha ya kwanza itamfungia mtu ndani.