Tarehe ya Sauti Zisizokwenda Hewani

Anayetazama mpira kwenye televisheni humsikia mtangazaji tu. Hamsikii mwongozaji aliyejifungia ndani ya gari la matangazo akiwaamuru wapiga picha: "Tatu, kaa tayari. Tatu, hewani!" Maneno hayo yana njia yake ya waya, ambayo mafundi mitambo huiita intakomu, na mitambo hiyo ina tarehe yake.

Kwa sura tunayoijua sasa, ilianza San Francisco, Marekani, mwaka 1968. Matamasha ya roki yalikuwa yamepata spika kubwa mno, hata watu wa taa na wa sauti wakashindwa kuelewana kwa simu za jukwaani za zamani. Bob Cohen na Charlie Butten wakatengeneza kikasha cha kuvaa kiunoni chenye kikuza sauti ndani yake, kila mtu akaweza kujiongezea sauti bila kumuudhi mwenzake. Kampuni yao wakaiita Clear-Com. Vikasha vyote viliungwa kwenye laini moja ya pamoja, kwa kebo ileile ya kipaza sauti yenye pini tatu: ya kwanza ni ya ardhi, ya pili inabeba umeme wa volti 30, ya tatu inabeba sauti. Kebo za namna hiyo zilijaa katika kila ukumbi, na nadhani hiyo ndiyo siri kubwa ya mfumo huo kupendwa.

Miaka ya 1970 wakaja RTS, nao wa California. Hawa walitaka njia mbili za mazungumzo ndani ya kebo hiyohiyo. Wakaipandisha sauti ya njia ya kwanza juu ya umeme wa pini ya pili, na ya tatu wakaipa njia ya pili. Ulikuwa werevu, lakini ulileta mateso. Plagi ni ileile, na umeme uko kwenye pini ileile. Ukichomeka kikasha cha RTS kwenye laini ya Clear-Com, taa inawaka na fundi anaamini mambo shwari, kumbe njia ya kwanza ni bubu. Hata taa ya kuita hawakuafikiana: mmoja huiwasha kwa kupandisha volti kwenye waya wa sauti, mwingine kwa mlio wa kilohezi 20 ambao sikio halisikii.

Haya yote yalivumilika mradi laini ibaki peke yake. Taabu kubwa ilianza pale vituo vilipotaka kuiunga na mitambo ya kati ya intakomu, ambamo sauti inayokwenda na inayorudi kila moja ina njia yake. Kwenye laini ya pamoja wote husema na kusikia juu ya waya mmoja. Kiunganishi kinachokaa katikati kinapaswa kuipeleka sauti ya mtambo kwenye laini, kisha kusikiliza laini hiyohiyo na kuitoa ile sauti kiliyoipeleka chenyewe, yabaki maneno ya wengine tu. Wahandisi wa simu walipambana na tatizo hili tangu zamani. Kisipoitoa vizuri, mwongozaji hujisikia akirudi masikioni mwake. Vikiunganishwa viwili vibovu, laini nzima hupiga mbinja.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa bisibisi. Fundi alizungusha skrubu moja ya ukinzani, nyingine ya kapasitansi, pengine na ya tatu, huku akisikiliza mpaka sauti yake ififie. Kesho yake mtu akiongeza kebo ya mita 100, kapasitansi ya laini inabadilika na kazi inaanza upya. Tena laini inatakiwa ifungwe kwa ukinzani wa omu 200, mahali pamoja tu. Ikifungwa pawili, sauti inashuka. Isipofungwa popote, inapanda na kuyumba. Wengi waliolaumu vifaa walipaswa kulaumu hesabu hiyo.

Nafuu ilitoka pande mbili zisizohusiana na intakomu. Mwaka 2003 kiwango cha 802.3af kiliruhusu kebo ya mtandao wa kompyuta kubeba umeme hadi wati 15.4. Kisha mwaka 2006 ikaundwa kampuni ya Audinate huko Sydney, Australia, ambayo teknolojia yake iitwayo Dante hupitisha sauti nyingi za dijitali kwenye mtandao wa kawaida. Waundaji wa viunganishi wakaona mlango. Studio Technologies ya Skokie, Illinois, walitoa Model 545DC kwa laini za aina ya Clear-Com na 545DR kwa zile za RTS. Kebo moja ya mtandao hukipa kisanduku umeme na sauti, na chenyewe huweza kulisha vikasha vichache vya kiunoni. Skrubu zimeondoka, badala yake kuna kitufe. Fundi akikibonyeza, kisanduku hupeleka milio kwenye laini, hupima kinachorudi na kujirekebisha, naye huendelea na kazi nyingine. Wasifikiriwe kuwa ndio wa kwanza kuwaza hivyo, kwani RTS nao walikuwa wameshatoa kiunganishi cha kujisawazisha.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ufundi wa kweli ulipo, kuliko katika idadi ya njia zinazotangazwa kwenye vipeperushi. Ugumu haukupotea; mbunifu ameubeba maabara ili anayefunga mitambo saa mbili kabla ya mechi asiubebe. Wala kitufe hakisahihishi kila kosa: laini iliyofungwa pawili itabaki dhaifu hata ukibonyeza mara kumi. Kwa hiyo, fundi, kabla hujagusa kitufe, ikague laini yako, utafute ukinzani ule uko wapi, uuache mmoja tu, uchomeke vikasha vyote vitakavyotumika siku hiyo, uwaombe walio kwenye laini wazime vipaza sauti vyao, ndipo ubonyeze.