Kumkumbuka Mpelelezi John O'Neill

Ndugu zangu, katika ukoo wetu tarehe 7 Agosti 1998 haihitaji maelezo. Shangazi yetu wa Nairobi aliposikia mlipuko wa kwanza alisogea dirishani, kama walivyofanya wengi. Mlipuko wa pili ukavunja vioo, navyo vikampofua. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, Dar es Salaam 11.

Ninayemkumbuka leo hakuwa wa damu yetu. John O'Neill, mpelelezi wa FBI tangu 1976, alisimamia usalama wa taifa katika ofisi ya New York, iliyokabidhiwa kesi hiyo. Alikuwa mkali, na si wakubwa wake wote waliompenda. Lakini ndiye aliyemlea kikazi Ali Soufan, kijana Mwislamu mzaliwa wa Lebanon, akamwamini. Nasi tuliokuja kutazamwa kwa jicho la shaka ugenini twaijua thamani ya imani hiyo.

Alistaafu Agosti 2001, akawa mkuu wa ulinzi wa World Trade Center. Alifia humo tarehe 11 Septemba. Wahalifu wanne wa kesi yetu walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba, katika mahakama isiyo mbali na kifusi kile. Nilimpigia shangazi simu, nikamsimulia yote. Akauliza kama marehemu aliacha watoto. Nikamjibu, wawili.