Msitu Uliorudi kwa Wenyewe

Sisi wa Nakwa tumebadilishiwa anwani mara kadhaa bila kuhama. Wazee wetu walikuwa watu wa wilaya ya Mbulu, baadaye Hanang. Mwaka 1985 ikaundwa wilaya ya Babati, na mwaka 2002 mkoa wa Arusha ukagawanywa, tukawa Manyara. Siku hizi kijiji chetu kimo ndani ya Mji wa Babati. Mlima Kwaraha haujasogea, wala ziwa letu. Kusini, ukipita Bonga na kupanda kwenda Bereko, umekwisha kuingia Kondoa, mkoa wa Dodoma, ingawa Wagorowa na Warangi wa pande zote mbili wameoana na kuuziana mifugo siku zote.

Mtu aliyezoea mipaka ya namna hii huweza kudhani kwamba mpaka ni jambo la karatasi tu. Majirani zetu wa Duru-Haitemba walijua kwamba sivyo. Kwenye vilima vyao kuna msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000, nao vijiji vinavyouzunguka, kama Riroda, Gidas na Ayasanda, huko ndiko vilikopata kuni, dawa, asali na malisho ya kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Nia haikuwa mbaya, kwani msitu ulikuwa ukiliwa. Lakini wananchi waliposikia kwamba utachukuliwa, wengine walizidisha shoka: kwa nini umtunzie mwingine? Tunaosoma habari za Nabothi tunaelewa uchungu wa kuambiwa kwamba urithi wa baba zako una mwenyewe mwingine. Ila tuseme kweli, Nabothi hakulikata shamba lake.

Vijiji vilikataa, na jambo la ajabu ni kwamba vilisikilizwa. Mwaka 1994 mpango wa hifadhi uliachwa, kila kijiji kikakabidhiwa sehemu yake ya msitu. Hapo kazi ngumu ikaanza, maana ilibidi kijiji na kijiji wakae chini na kukubaliana mpaka unapita kwenye jiwe gani na korongo gani. Walichagua kamati, wakatunga sheria ndogo, wakazuia mkaa na mashamba mapya msituni, na vijana wao wenyewe wakalinda zamu. Aliyekamatwa hakuweza kusema kwamba anaonewa na mgeni, kwa kuwa aliyemkamata huenda ni mtoto wa shangazi yake. Miti ikaanza kurudi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliipa nchi nzima njia ambayo wakulima hawa walikuwa wamekwisha kuipita kwa miguu.

Nakwa hatuna msitu kama huo, tuna ziwa. Mwaka 1990 lilifurika na kuingia mjini. Udongo unaoteremshwa na mvua kutoka miteremko iliyolimwa hadi juu huishia humo, nalo linapungua kina. Sehemu ya miteremko hiyo inalimwa na watu tunaoketi nao benchi moja Jumapili. Kamati za Duru-Haitemba zilianza kwa kuwaita watu wa namna hiyo kwenye mkutano, kijiji kimoja baada ya kingine, na kuwauliza wao kwanza wangetaka sheria gani.