Wala Shaba

Kwangua waya wa umeme kwa kisu. Ndani utaona madini mekundu yanayong'aa. Ndiyo shaba nyekundu, ambayo watu wa Katanga huiita mukuba. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari za wayeyusha shaba wa zamani, akawaita "wala shaba". Je, walitafuna madini? Hata kidogo. Walikula kwa kazi ya shaba, kama mkulima anavyokula kwa jembe lake.

Kazi hiyo ilikuwaje? Kiangazi kilipofika, wanaume walichimba jiwe la kijani liitwalo malakiti. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makaa na mawe, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi. Katika jiwe lile shaba imefungwa pamoja na kaboni, oksijeni na maji. Moto hufukuza maji na hewa ya kaboni. Kisha hewa itokayo katika makaa huinyang'anya shaba oksijeni iliyobaki. Shaba yenyewe huyeyuka joto lifikapo digrii 1,085 hivi. Mababu hawakujua majina hayo, lakini kazi waliijua barabara. Shaba waliimimina katika vijifereji vyenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya kununulia na ya kutolea mahari. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba mwaka 1957 na 1958 walikuta makaburi ya kale yenye mapambo mengi ya shaba.

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Mwaka uliofuata, 1912, mbali sana na Katanga, mganga mmoja wa London, jina lake Wilson, aliandika habari za ugonjwa wa ajabu. Vijana walitetemeka mikono, wakashindwa kusema na kumeza, na ini lao likawa gumu. Mara nyingi ndugu wawili wa tumbo moja waliugua. Wilson hakujua kwamba chanzo ni shaba.

Kwanza ilijulikana faida yake. Mwaka 1928 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, waliwalisha panya maziwa matupu. Panya wakapungukiwa damu. Walipopewa chuma peke yake hawakupona. Walipopewa chuma pamoja na shaba kidogo, wakapona. Basi sisi sote ni wala shaba! Mtu mzima anahitaji kama miligramu moja kwa siku, naye huipata katika maharage, karanga, uyoga na maini.

Mwaka 1948 Cumings wa London alieleza kwamba wagonjwa wa Wilson wana shaba nyingi mno katika ini na ubongo. Kwa kawaida ini hutoa shaba iliyozidi kwa njia ya nyongo. Kwa wagonjwa hawa mlango huo umefungwa tangu kuzaliwa, kwa urithi waliopata kwa baba na mama pia, ijapokuwa wazazi wenyewe ni wazima. Mwaka 1956 mganga Walshe alitangaza dawa iitwayo penisilamini, ambayo huikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Mgonjwa hutumia dawa maisha yake yote, lakini huishi.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Kijana anatetemeka, mate yanamtoka, na dada yake alikufa vivyo hivyo. Watu watasema nini? Watasema: "Wamerogwa." Bibi mzee atashitakiwa, atapigwa, atafukuzwa kijijini, na kijana atakufa, ingawa dawa ipo. Ndugu, si kila mtetemeko ni ugonjwa wa Wilson, kwa maana ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini mpelekeni mgonjwa hospitali mapema, mkamweleze mganga habari za ndugu zake pia. Na yule bibi mwacheni akae kwa amani.

Vilima vya shaba vya Katanga havina miti mikubwa, kwa sababu shaba nyingi huua mizizi yake. Lakini mti usiopata shaba hata kidogo haustawi. Mwili wetu nao ni hivyo hivyo: kidogo ni chakula, kingi ni sumu. Mababu walijua kuitoa shaba katika jiwe. Sisi tumepewa kujua namna ya kuitoa katika mwili wa mtoto. Tusimnyime ujuzi huo kwa kutafuta mchawi.