Vitamini za Kuku wa Mayai Nyakati za Hari

Virutubisho apewavyo kuku atagaye katika majira ya joto kali, ili kufidia yale ambayo mwili wake peke yake hauwezi kuyakidhi. Katika mji wa Tabora, ulioko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya kale ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, dhiki ya joto hilo huzidi miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijawasili, na hapo miembe, ambayo ni athari ya zama za misafara, huwa ndiyo sitara bora ya mfugaji.

Kuku hana tezi za jasho. Hutweta, na akitweta kupita kiasi hupoteza hewa ya kaboni iliyomo damuni, hata chokaa isifike kwenye ganda kwa kadiri itakiwayo, na yai likatoka na ganda jembamba. Vitamini C huiunda mwenyewe ndani ya figo, lakini wakati wa hari haimtoshi. Ndiyo sababu hupendekezwa takriban miligramu 200 hadi 250 katika kila kilo ya chakula, pamoja na vitamini E. Vitamini C ikitiwa majini huharibika upesi, basi itiwe alfajiri, kivulini, na maji ya jana yamwagwe. Mahindi meupe hayana asili ya vitamini A; mchicha au majani ya mlonge huiziba kasoro hiyo.

Wako waidhaniao dawa hii kuwa ni hirizi. Maji baridi, kivuli na upepo hutangulia; bila ya hayo, vitamini ni hasara ya fedha.